Ukuta Unaoonekana kutoka Baharini

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, mdogo hasa, mtu akipiga chafya Juu, watu wa Chini walijua nani ana mafua. Juu ni kilimani, kwenye nyumba za wageni zilizojipanga kuyatazama maji, kila moja na baraza lake na viti vyake vya kuegemea. Chini ni kwa wavuvi: vibanda vya nyavu, kiwanda cha barafu, sakafu ya saruji ya kuuzia samaki, na ufuo uliojipinda kama mkono wa kikombe. Kati ya Juu na Chini palipita ngazi za mawe. Mbele kabisa, baharini, mwamba uliuzunguka ufuo wote, ukaacha mlango mmoja mkubwa mbali kule rasini, ambao boti zote zilipitia.

Boti zote, isipokuwa mashua moja. Ukoo wa Nahodha ulijua kimlango chembamba katikati ya mwamba, mahali ambapo mtu mwingine aliona mawe matupu na povu. Walikipita tangu zamani za mababu, ndiyo maana samaki wao walifika sakafuni wa kwanza, wakiwa bado wanapiga mikia. Walikijuaje? Hilo halikuulizwa, na aliyeuliza hakujibiwa.

Asubuhi hiyo Bi Shuka alikuwa juu ya paa la nyumba ya wageni ya mama yake, akianika. Bi Shuka silo jina alilopewa na mama yake, hata kidogo. Alipewa na Nahodha mwenyewe, kijana wa ile mashua, kwa sababu kila alipoinua macho kutoka baharini alimwona yeye na mashuka yake. Jina likamganda. Siku hizi hata moyoni mwake alijiita hivyo hivyo, halafu akajionea haya.

Paani pale alikuwa na dunia yake. Aliyajua maji kwa rangi zake, kijani hafifu karibu na mchanga na buluu nzito nje ya mwamba. Alijua upepo ukitokea rasini mashuka hukauka kabla wageni hawajamaliza chai. Mara nyingi alisimama tu, kibanio mdomoni, akaota. Aliota nyumba ndogo mahali fulani katikati ya ngazi, si Juu wala si Chini, na mtu mmoja anayerudi jioni akinukia chumvi. Ndoto za mchana, lakini jamani, zilikuwa tamu.

Leo hakuota. Jicho lake lilikuwa ufuoni, pale mashua ya Nahodha ilipolala ubavu, mbao zimetoboka. Wiki iliyopita, jioni moja ya mawingu, iligonga mwamba ikiongozwa na mdogo wake Nahodha, na kijana wa watu akavunjika mkono. Tangu hapo Nahodha hakupanda ngazi. Hakuja, hakutuma mtu. Shangazi yake naye, aliyewalea wote wawili baada ya wazazi wao kufariki, na ambaye kila asubuhi aliwaletea Bi Shuka na mama yake samaki hadi mlango wa jikoni, alikata mguu.

"Bado unatazama kule chini?" Mama alikuwa amefika paani, mkono kiunoni, pumzi zikimwenda mbio.

"Naanika, Mama."

"Shuka moja tangu nilipokuita mara ya kwanza? Hebu nione." Akalinyoosha ncha. "Mwanangu, mimi simchukii kijana yule. Ana adabu, ana mikono ya kazi. Lakini watu wa Chini nawajua. Watakunywa chai yako, watakuita binti yetu, watacheka na wewe vizuri. Halafu siku ya siku watakwambia wewe si wa chombo."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Nimesema tu." Mama akatazama pembeni. "Na hata hivyo yameisha. Mpishi kasikia sokoni kwamba kesho anaondoka. Kapata kazi kwenye ile meli kubwa ya uvuvi."

Vibanio vikamtoka Bi Shuka mkononi, vikatawanyika sakafuni. Alishuka bila kuviokota.

"Unakwenda wapi na mikono imelowa?"

"Kuulizia samaki!"

"Samaki gani? Friji imejaa!"

"Basi kumuulizia yeye, Mama!" Akawa ameshafika ngazini.

Shangazi alikuwa mahali pake pa siku zote, kwenye ukingo wa sakafu ya saruji, kisu mkononi, magamba yakimrukia hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Wengine sakafuni walipomwona Bi Shuka wakaanza kupanga samaki waliokwisha kupangwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mkono umefungwa. Analala ameketi. Umeridhika?"

"Niridhike? Shangazi, nimekukosea nini mimi?"

"Waulize mafundi wenu wa rangi."

"Rangi?"

Kisu kikasimama. Shangazi akatazama huku na huku, akashusha sauti, na sauti yake ikishushwa bado ilisikika hadi kiwanda cha barafu. "Nyumba yenu ilikuwa nyeupe tangu sijaota meno. Mkaona weupe hauwatoshi. Mkaipaka kijani, nyumba ikawa jani kwenye kilima cha majani. Haya, mwanangu kavunjika. Mlitaka nini kingine?"

"Sielewi. Rangi ya nyumba yetu na mkono wake wapi na wapi?"

"Siwezi kukwambia." Kisu kikaanza tena. "Njia yetu huambiwa mtu wa chombo. Aliyezaliwa kwetu, au aliyeolewa kwetu. Mama yao aliambiwa siku ya harusi yake, akaenda nayo kaburini. Wewe si wa chombo chetu, na kwa mambo yalivyo, hutakuwa. Haya, nipishe mwanga."

Bi Shuka alipisha mwanga. Alitembea ufuoni miguu ikizama mchangani, maneno yale yakimzunguka kichwani, nyeupe, kijani, kilima, njia. Alipoifikia mashua alikuwa ameshaelewa.

Nahodha alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa mashua, akiziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta. Alikonda. Wiki moja tu, mtu akakonda vile! Bi Shuka alitamani amkumbatie kwanza na kugombana baadaye, lakini akajikaza.

"Ni kweli unaondoka?"

Akageuka. Macho yake yakang'aa, kisha yakazimika. "Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Kesho. Meli ikija kuchukua barafu."

"Bila kuniaga."

"Ningekuaga vipi? Ningekuona nisingeondoka."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyomponza tangu mwanzo. Akapiga moyo konde. "Mlikuwa mkiutazama ukuta wetu. Ndio uliowaonyesha kimlango. Usinifiche, mimi si mtoto."

Nahodha akatazama kama kuna mtu karibu. "Usiseme kwa sauti."

"Nilikuuliza!" Sauti ikapanda zaidi. "Nilikaa na wewe pale ngazini, vipande vya rangi vimejaa mapajani, nikakuuliza, nipake kijani au niache nyeupe? Ulisemaje?"

"Nilisema yoyote itapendeza."

"'Yoyote itapendeza, mradi ndani yake unakaa wewe.' Mimi nikaenda kulala nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe!"

"Nilikuwa nimefungwa mdomo. Ningesema acha nyeupe, ungeuliza kwa nini. Na mimi mbele yako siwezi kudanganya."

"Lakini kunyamaza unaweza."

Pamba ikabaki inadondosha mafuta kati ya vidole vyake.

"Shangazi yako anajua kwamba ulijua?"

Nahodha akarudi kuchomeka pamba kwenye ufa.

"Hajui!" Bi Shuka akacheka kicheko kisicho na raha. "Anadhani mimi na Mama tuliamka tu siku moja tukaamua kuwavunja mikono. Na wewe umemwacha adhani hivyo. Kesho unapanda meli yako, unaniachia mji mzima umeninunia, na kila nikishuka ngazi hizi nionekane mimi ndiye niliyemvunja mdogo wako."

"Kila nikifungua mdomo kumwambia, namwona mdogo wangu na ule mkono. Naona haya."

"Na mimi nivae haya yako?" Sasa alikuwa analia, na hakujali nani anaona. "Nenda. Nakupenda hadi naumwa, lakini nenda. Ila useme kwanza. Ukiondoka hujasema, usirudi kwangu hata ukija na meli yenyewe mkononi."

Akageuka kuondoka. Hakwenda mbali.

"Bi Shuka. Subiri." Nahodha alikuwa amesimama, anafuta mikono kwenye suruali. Palikuwa na kiboti kidogo cha mashine kimefungwa pembeni, cha jirani yake. Akakivuta hadi majini. "Panda."

"Kwenda wapi?"

"Ukaione nyumba yenu."

Alipanda, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alishikwa mkono, na mkono ule alikuwa ameukosa wiki nzima.

Jua lilikuwa utosini na bahari imetulia, imelala kabisa. Nahodha aliendesha akitazama nyuma, kimya, na mawe yakapita kulia na kushoto karibu kiasi cha kuyagusa. Bi Shuka alifumba macho. Alipofumbua, povu lilikuwa nyuma yao, maji yamekuwa buluu nzito, na Nahodha amezima mashine.

"Geuka," akamwambia.

Akageuka. Maisha yake yote aliitazama bahari kutoka nyumbani. Hakuwahi kuitazama nyumba kutoka baharini. Kweli, aliwahi kupanda boti na wageni wa likizo, lakini zile huzunguka rasi na kila mtu hutazama mbele. Sasa mji wote ulikuwa mbele yake, umekaa kimya, mdogo, mzuri wa kuuma moyo. Aliuona ufuo wote kwa mara moja. Aliziona ngazi, nyembamba kama uzi. Aliliona bomba la kiwanda cha barafu likitoa moshi kidogo, na Juu kabisa, nyuma ya kila kitu, tangi la maji la mji mgongoni mwa kilima. Watu hawakuonekana. Ugomvi haukuonekana. Alitamani wabaki hapo hapo hadi uzee uwakute.

"Yetu iko wapi?"

"Itafute."

Akaitafuta. Akahesabu nyumba kutoka ile ya kwanza, akapotea, akaanza upya. Kilima kilikuwa kijani kitupu. Nyumba aliyozaliwa haikuwepo.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Nimeifuta."

"Zamani tangi lile tuliliweka juu ya ukuta wenu mweupe. Likikaa katikati, kama mtu kitini, uko mlangoni, pita. Likiteleza upande wowote, una jiwe chini yako. Babu alipita hivyo, na baba. Sasa tazama tena, chini ya tangi."

Akatazama. Palikuwa na kitu cheupe, kidogo, kinatikisika.

"Yale ni..." Akashika mdomo. "Yale ni mashuka yangu!"

"Mlipopaka, nikasema moyoni, si kitu, yeye yupo. Kila siku anaanika. Nikawa napita kwa mashuka yako. Mdogo wangu sikumwambia. Ningeanzaje? Kwamba naongoza chombo cha babu kwa mashuka ya mpenzi wangu? Angenicheka hadi leo." Akautazama mwamba. "Siku ile nilikuwa na homa. Akasema nipumzike, yeye atakwenda; kila tukipita alikuwa akiona weupe chini ya tangi, akadhani ukuta bado unaonekana. Mawingu yakatanda, na wewe..."

"Nikaanua," Bi Shuka akamalizia polepole. "Niliona mvua inakuja, nikaanua."

Walitazamana. Kiboti kikainuka kidogo na kushuka. Lilikuwa jambo dogo mno kuvunja mkono wa mtu, kukimbia mvua na mashuka kifuani.

"Kwa hiyo," akasema Bi Shuka akijifuta machozi kwa kiganja, "siku zote hizo ulikuwa unanitazama kwa ajili ya kazi?"

"Mwanzoni, ndiyo, nilitazama ukuta tu."

"Halafu?"

"Halafu nikawa nachelewa kuingia makusudi. Samaki wanaharibika, mdogo wangu anapiga kelele, mimi nimezima mashine hapa nahesabu shuka." Akatabasamu, tabasamu lake la zamani, upande mmoja tu wa mdomo. Kisha akawasha mashine, akasogea kumpisha nyuma ya kiboti. "Kaa hapa. Shika usukani."

"Mimi? Utatuua!"

"Tangi juu ya mashuka. Usitazame mawimbi, yatakutisha bure." Akainama sikioni kwake, midomo ikigusa nywele zake, akamnong'oneza yaliyobaki: upande gani maji huvuta, na wapi pa kuongeza mwendo.

Alipomaliza, Bi Shuka hakugeuka. "Unajua umefanya nini? Shangazi yako kaniambia haya huambiwa nani na lini."

"Najua alichokwambia."

"Na umeniambia."

"Ndiyo maana nimekwambia."

Moyo wake ukajaa hadi akaogopa utamzuia kuona. Akakaza macho, akaweka tangi juu ya mashuka, akaliweka katikati kama mtu kitini, na akaingia. Mawe yakatokeza huku na huku. Mara moja tangi likateleza, Nahodha akavuta pumzi lakini hakugusa usukani, na yeye akalirudisha mwenyewe. Kisha maji yakawa kijani hafifu, tulivu.

Ufuoni walikuwa wamesimama watu. Shangazi mbele yao, majini hadi magotini, kisu bado mkononi.

"Nani alikuwa kwenye usukani?" akauliza kabla hawajagusa mchanga.

"Yeye," akasema Nahodha.

"Nimeona. Nimeuliza ili nisikie."

Nahodha akaruka majini. Bi Shuka akamtakia nguvu kimoyomoyo.

"Shangazi, kabla hujasema lolote." Alisema kwa sauti, hadi waliokuwa sakafuni wakasikia. "Nilijua nyumba itapakwa. Aliniuliza rangi, mimi nikanyamaza. Si yeye, wala si mama yake. Mkono wa mdogo wangu uko juu yangu. Nilitaka nikimbie kesho nikuachie uongo. Nisamehe."

Shangazi aliketi kwenye ukingo wa kiboti, akalitazama lile jani la nyumba kilimani.

"Ulinyamaza kwa sababu yetu," akasema mwishowe.

"Kwa sababu yenu."

"Neno moja tu. Acheni nyeupe. Lingesemwa hilo, mtoto angekuwa mzima." Akatikisa kichwa. "Tumelinda njia hadi imetupasua. Na meli yako?"

"Ipite."

Akamgeukia Bi Shuka, akamkagua kuanzia nywele zilizotimka hadi gauni lililolowa. "Na wewe, unamtaka huyu? Na ububu wake wote huo?"

"Namtaka, Shangazi. Lakini akinyamaza tena namtupa nje ya mwamba."

Watu wakacheka. Shangazi naye mdomo ukamcheza. "Basi wewe umeshaolewa, mkwe. Kilichobaki ni kuwaambia wenye mtoto."

Mkwe! Bi Shuka alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua. "Mama hatakubali. Anasema mtaniambia mimi si wa chombo."

Uso wa Shangazi ukabadilika. Akainama, akanawa mikono kwa maji ya bahari, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Anasema hivyo kwa sababu aliambiwa," akasema. "Kaka yangu, baba wa huyu, alimtaka mama yako kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliyesimama katikati ya ngazi zile akamwambia, 'Wewe si wa chombo,' ni mimi. Nilikuwa msichana, mdomo mrefu, nadhani nalinda ukoo. Alirudi Juu analia. Miaka yote hii nampelekea samaki wazuri kuliko wote, naacha mlangoni, tunasalimiana, tunaulizana hali ya hewa, na siku hata moja hatujalitaja."

Nahodha na Bi Shuka walitazamana, hakuna aliyejua. Shangazi akamkabidhi mpwa wake kisu, akajifunga upya kitambaa cha kichwa, akaanza kuziendea ngazi. Bi Shuka akamkimbilia, akamshika mkono.

"Twende wote, Shangazi."

"Nyinyi mtakuja jioni, mkiwa mmeoga." Akauondoa mkono wake polepole, akaupapasa. "Sasa hivi nipisheni. Nina la kumwambia mwenzangu, na nimechelewa nalo sana."